Ufundi wa Kutosubiri

Mteja katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Bondo amechukua kilo mbili za misumari na kopo la rangi. Mwenye duka anaandika nambari ya simu ya mteja kwenye kompyuta, anabofya, na punde si punde simu ya mteja inawaka ikimwomba namba yake ya siri ya M-Pesa. Mteja ni mzee. Anatafuta miwani katika mfuko wa shati, anaikosa, anaipata katika mfuko wa koti. Muda huo wote kompyuta haijaganda. Imeshamwandikia bili mtu aliyesimama nyuma ya mzee na kupunguza mifuko mitatu ya saruji kwenye hesabu ya stoo. Mzee anapomaliza kubofya, bili yake inageuka kuwa iliyolipwa, wala hakuna anayeshangaa.

Utulivu huo umetengenezwa na watu. Kuna ufundi mzima wa kubuni violesura vya kazi zisizoisha papo hapo, yaani maneno machache ambayo programu moja huyatumia kuiagiza nyingine kazi, ikaendelea na shughuli zake, kisha ikapokea matokeo yatakapokuwa tayari. Ni ufundi wa watu wavumilivu, na nadhani unastahili kutazamwa polepole.

Tuanze na vipimo. Processa ya siku hizi hupiga takriban mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka ikichukua milisekunde 10 kuleta kipande cha data, mapigo milioni 30 yameshapita. Mzee akichukua sekunde 20 kupata miwani na kubofya, ni mapigo bilioni 60. Programu inayosimama kungoja jibu hupoteza yote hayo, na kila aliye nyuma yake kwenye foleni hupotezewa pia.

Hata hivyo, kusubiri kuna heshima yake. Tangu Unix ya mwaka 1971, wito wa read umekuwa hivi: unataja faili, unataja mahali pa kuweka data na kiasi unachotaka, unasimama. Ukiamka, data ipo au kosa limetajwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huuelewa kwa kipindi kimoja, na msimbo wake husomeka kutoka juu kwenda chini bila kurukaruka. Kila anayebuni kiolesura cha kutosubiri anashindana na usahili huo, na wengi wamebwagwa.

Taabu huanza idadi inapopanda. Mwaka 1999 mhandisi Dan Kegel aliwauliza wenzake swali lililopata umaarufu: kwa nini seva moja isiweze kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja? Ukimpa kila mteja uzi wake (thread) wa kusubiri, Linux kwa kawaida hutengea kila uzi nafasi ya anwani ya megabaiti 8. Nyuzi 10,000 zinadai gigabaiti 80 za nafasi, hata kama sehemu kubwa yake haitaguswa kamwe. Ikabidi watu waulize upya namna ya kuagiza kazi bila kusimama.

Swali lenyewe lilikuwa limeshajibiwa zamani. VMS, mfumo endeshi ambao kampuni ya Digital iliutoa kwa kompyuta zake za VAX mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikuwa na wito ulioitwa $QIO: weka ombi kwenye foleni, kisha endelea na mambo yako. Pembeni yake palikuwa na $QIOW, wenye hoja zile zile kwa mpangilio ule ule, ila huu husimama mpaka kazi iishe. Tofauti ya majina ni herufi moja tu. Naistahi sana herufi hiyo. Inatenganisha kuagiza na kungoja, na inamwachia mwenye ombi uamuzi wa kungoja. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado vinatolewa violesura vinavyoyachanganya mambo hayo mawili.

Kwetu Kenya, wanaprogramu wengi hukutana na somo hili kupitia Daraja, kiolesura ambacho Safaricom iliwafungulia mwaka 2017, miaka kumi baada ya M-Pesa yenyewe kuanza Machi 2007. Pale Bondo kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mwanafunzi wa hapo akitaka mradi wake wa duka au wa sacco upokee malipo ya simu, hapo ndipo atakapopitia. Nambari ya biashara ya majaribio, 174379, wanafunzi wa kompyuta kote nchini wanaijua kwa kichwa.

Tutazame ombi moja kwa karibu. Programu ya duka inatuma ombi la stkpush likiwa na kiasi, nambari ya simu ya mzee, nambari ya biashara na anwani ya intaneti ambako jibu litaletwa. Mara moja inarudishiwa ujumbe mfupi. Ndani yake mna ResponseCode yenye thamani 0, pamoja na CheckoutRequestID, mfuatano mrefu unaoanza kwa ws_CO_. Anayeanza huiona hiyo 0 akashangilia kwamba amelipwa. Bado. Hiyo 0 inasema tu kwamba ombi limepokelewa, na pengine simu ya mzee haijawaka hata kidogo. Matokeo yatakuja baadaye kwa anwani iliyotolewa, yakibeba CheckoutRequestID ile ile na sehemu nyingine iitwayo ResultCode. Hapo ndipo 0 inamaanisha pesa zimeingia. 1 ni salio halitoshi. 1032 ni mteja amekataa. 1037 ni simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. 2001 ni namba ya siri imekosewa.

Kwa hiyo mbunifu ametenga "nimekusikia" na "nimemaliza", na huo ndio msingi wa kiolesura chochote cha kutosubiri. Kasoro ni kwamba majina ya sehemu hizo mbili yanakaribiana mno, na zote mbili hutumia 0 kwa habari njema. Kuna mtego mwingine: malipo yakifaulu, jibu huja na fungu la CallbackMetadata lenye kiasi, nambari ya risiti, tarehe na simu, yakishindikana, fungu hilo halipo. Msimbo unaolifungua bila kuuliza kwanza huanguka siku ya kwanza mteja anapobofya kataa, wakati mwandishi wake alijaribu malipo yaliyofaulu peke yake.

Jambo la kina zaidi ni nani anayelipatia ombi jina. Katika stkpush, jina linatolewa na anayepokea ombi, nawe unalijua baada ya kujibiwa. Hilo huzaa matatizo mawili. Kwanza, matokeo yanaweza kufika kabla programu yako haijamaliza kuhifadhi ile CheckoutRequestID, na yakifika hayana mwenyewe. Pili, mtandao ukikatika baada ya ombi kufika na kabla ya stakabadhi hiyo kurudi, mzee ataona simu yake ikiwaka ilhali programu ya duka haina jina la kuulizia. Ipo sehemu ya AccountReference ambayo mwenye duka huijaza mwenyewe, nayo huonyeshwa kwa mteja, lakini hairudishwi katika matokeo. Ndiyo maana wanaprogramu wengi huichomeka nambari ya oda ndani ya anwani yenyewe ya kuletewa jibu, ili kila jibu lifike likiwa limejitambulisha. Watumiaji wengi wakibuni ujanja ule ule bila kuambizana, mbunifu ameonyeshwa alichosahau.

Sasa tuingie ndani ya kompyuta, ambako tatizo hilo hilo limehangaikiwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 1983 mfumo wa 4.2BSD ulileta select, wito uliokulazimisha kutaja upya orodha yote ya miunganisho kila ulipouliza, nacho kiini cha mfumo kikaipitia mmoja mmoja. Mwaka 2002 Linux ikapata epoll, kazi ya Davide Libenzi, iliyokuruhusu kuandikisha orodha mara moja tu. Nafuu ilikuwa kubwa, lakini miito yote miwili hujibu swali moja: nani yuko tayari? Wavuvi wa omena wa ufuo wa Uhanya wangeiona tofauti haraka. Usiku usio na mwezi huelesha taa kadhaa ziwani, wakawaacha omena wajikusanye chini ya mwanga. epoll ni mtu anayekuambia kwamba taa ya tatu imejaa. Kupiga kasia hadi pale na kuzungusha wavu bado ni kazi yako. Kuna aina nyingine ya kiolesura ambayo hukuita omena wakiwa wameshaingia mashuani.

Isitoshe, epoll haihusiki kabisa na faili za kawaida za diski. Ukijaribu kuiandikisha faili kama hiyo, hurudishiwa kosa la EPERM. Linux ilikuwa na njia nyingine kwa ajili ya diski, iliyoitwa AIO, lakini ilifaa tu kwa usomaji unaoikwepa kashe ya mfumo, na hata hapo wito wa kuagiza wenyewe uliweza kusimama, jambo lililoua maana yote ya kuutumia. Mwaka 2016 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alisema waziwazi kwamba muundo wa AIO ni mbovu. Na kila ombi moja kupitia njia hiyo lilinakili baiti 104 huku na huku, kuagiza na kujibiwa.

Aliyefanya hesabu hiyo ya baiti ni Jens Axboe, mhandisi mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Facebook. Mei 2019, katika Linux 5.1, kazi yake ya io_uring ilitoka. Ukiitazama kwa haraka, huoni cha ajabu. Kuna foleni mbili za mviringo katika kumbukumbu ambayo programu na kiini huitumia kwa pamoja. Katika ya kwanza programu huandika maombi, katika ya pili kiini huandika majibu. Miito ya mfumo ni mitatu tu: io_uring_setup wa kuanzisha, io_uring_enter wa kuwasilisha na kungoja, io_uring_register wa kuandikisha vitu vitakavyotumiwa mara kwa mara. Kila ombi kwa kawaida ni baiti 64.

Uzuri wenyewe umo katika jibu, ambalo kwa kawaida ni baiti 16. Nane za kwanza ni user_data, nne ni res, nne za mwisho ni flags. Hakuna kingine.

user_data ni mahali ambapo mwenye ombi huandika chochote apendacho wakati wa kuagiza: nambari ya oda, anwani ya kumbukumbu, alama yoyote. Kiini hakiifasiri wala hakiigusi. Kinairudisha katika jibu kama kilivyoipokea. Majibu yanaweza kuja kwa mpangilio tofauti kabisa na maombi, na bado kila moja linajulikana ni la nani. Hapa mwenye ombi ndiye anayelipatia jina, kwa hiyo stakabadhi iko mkononi mwake kabla ombi halijaondoka. Matatizo yale mawili ya duka la Bondo hayawezi kuzaliwa. Baiti nane zimeyazuia, kwa sababu mtu fulani alikaa akajiuliza nani anayejua zaidi habari za ombi, aliyelitoa au aliyelipokea.

res nayo ina busara ya aina nyingine. Thamani yake ni ile ile ambayo wito wa kusubiri ungeirudisha. Ulisoma faili? Ni idadi ya baiti zilizosomwa. Limetokea kosa? Ni nambari hasi ya kosa hilo; -2, kwa mfano, ni faili haipo. Habari njema na mbaya hukaa mahali pamoja, kwa umbo moja, na aliyeijua read tangu mwaka wa kwanza hana msamiati mpya wa kujifunza.

Kuna pia suala la kughairi, ambalo hudhihirisha tabia ya mbunifu. Katika io_uring, kughairi ni ombi kamili lenye jibu lake. Jibu likiwa 0, kazi imepatikana na kusimamishwa. Likiwa -ENOENT, kazi hiyo haikuonekana, huenda ilishakwisha. Likiwa -EALREADY, kazi ilikuwa imeshaanza, na huenda ikasimama au isisimame. Mbunifu mwenye haraka angerudisha ndiyo au hapana, watumiaji wakafurahi mpaka data zao zianze kuharibika. Huyu amekubali kwamba hali ya tatu ipo, akaipa nambari. Na sheria inayoambatana nayo ni moja: kumbukumbu uliyokikabidhi kiini ili kiijaze si yako tena mpaka jibu la ombi lile la awali lifike. Kuomba kughairi hakukurudishii. Ni sheria kali, lakini ukiishika hiyo moja umeepuka kundi zima la makosa.

Axboe hakuishia hapo. Hesabu za foleni za mviringo zinachosha na kukosesha, kwa hiyo aliandika maktaba ya liburing ya kuzificha. Mwenye programu hubaki na mwendo wa hatua chache: io_uring_get_sqe kupata nafasi ya ombi, io_uring_prep_read kuijaza, io_uring_sqe_set_data kuitia alama, io_uring_submit kuwasilisha, io_uring_wait_cqe kungoja, io_uring_cqe_seen kukiri kwamba jibu limepokelewa. Kuwasilisha na kungoja ni hatua mbili tofauti, na anayetaka kuziunganisha anayo io_uring_submit_and_wait. Ile herufi W ya VMS imerudi kwa jina refu zaidi. Katika waraka wa kuieleza io_uring, mojawapo ya malengo aliyoyataja ni kiolesura kiwe rahisi kutumia na kigumu kutumia vibaya.

Juu ya violesura vya aina hii wamejenga watu wa lugha za programu. C# iliingiza await mwaka 2012, Python 2015, JavaScript 2017, zote zikitafuta msimbo unaosomeka tena kutoka juu kwenda chini huku processa ikiendelea na kazi nyingine. Gharama ipo: shughuli moja ikitumia await, inayoiita hulazimika kuitumia pia, na inayoiita hiyo vilevile, hadi juu kabisa. Go ilichagua kuificha tofauti yote ndani ya mtambo wake wa kuendesha programu, mwandishi akadhani anasubiri kama zamani. Kila mmoja anajaribu kuurudisha usahili wa read bila kulipa bei yake.

Tusisifu kupita kiasi. Usahili wa juu haufuti ugumu. Huuhamishia chini, na wa chini lazima aubebe vizuri. Mwaka 2023 Google ilieleza kwamba asilimia 60 ya mashambulizi yaliyowasilishwa katika mpango wake wa zawadi kwa wanaovumbua udhaifu wa kiini cha Linux yalipitia io_uring. Ikaizima katika ChromeOS na katika seva zake za kazi, na programu za Android zikazuiwa kuifikia. Kiolesura kilichofungua njia mpya ya kuuliza kiini karibu kila kitu kilifungua pia njia mpya ya kukihujumu. Ukosoaji huo ni wa haki, na kazi ya kuziba nyufa imeendelea tangu hapo.

Daraja nayo ina mtihani ambao io_uring haina, kwa kuwa kati ya duka na M-Pesa kuna nyaya, minara na umeme wa Bondo. Stima ikipotea dakika ile ile matokeo yanapoletwa, seva ya duka haipo kuyapokea. Mzee ameshakatwa pesa, meseji ameipata, lakini skrini bado inasema malipo hayajafika. Kwa hali hii Daraja imetoa wito wa pili, stkpushquery, ambao programu huutumia kuuliza yaliyojiri kwa kutaja CheckoutRequestID. Mwanaprogramu makini huhifadhi kila ombi na hali yake tangu linapotumwa, huuliza akiona kimya, na huweka nambari ya risiti mara moja tu hata kama habari imemfikia mara mbili. Asiye makini humwachia mwenye duka mzigo huo, naye huushughulikia kwa njia anayoijua: anaomba aone meseji kwenye simu ya mteja, hata wakati ana kompyuta mbele yake. Hapo matapeli wa meseji za kughushi nao hupata riziki.

Ndiyo maana nasema ufundi huu haupimwi kwa uchache wa majina ya wito peke yake. Hupimwa kwa ahadi zake: ni chache kiasi gani, na je, zinasimama siku mambo yanapoharibika? $QIO iliahidi kwamba kungoja ni hiari yako. io_uring iliahidi kwamba alama uliyoiweka itarudi kama ilivyo. stkpush inaahidi kwamba imekusikia, na inakuachia njia ya kuuliza ikiwa umepitwa na jibu. Nyuma ya kila ahadi kuna mtu aliyeketi muda mrefu na ukurasa mtupu, akikata maneno yasiyohitajika na kuyaacha yale ambayo hangeweza kuyaondoa.

Wewe unayejifunza kazi hii katika maabara ya Bondo, Maseno au kwingineko, kabla hujaandika mstari wa kwanza wa kiolesura chako, andika sentensi nne. Nani analipatia ombi jina? Jibu litakuja mara ngapi? Kosa litakaa wapi? Na jibu lisipokuja, mtu aulize wapi? Ukishindwa kuijibu ya nne, kiolesura chako hakijawa tayari kukabidhiwa mwenye duka.